Dawa za VVU ni bure, kwa nini wengine wanaziacha?

Kopo la dawa za kufubaza VVU hulia. Vidonge hugongana ndani, na aliyepanda Noah akiwa nalo kwenye mkoba hujiona kama amebeba kengele. Baada ya kipindi chetu cha afya, mama mmoja alituandikia kwamba akitoka kliniki humimina vidonge kwenye karatasi na kopo hulitupa chooni, ndipo anapanda bodaboda kurudi nyumbani. Mume wake hajui. Siku mume akishinda nyumbani, dawa hainywewi.

Tumeanza na hilo kwa sababu wanaoacha dawa tumezoea kuwaita wazembe. Vituoni wanaitwa "watoro", kama wanafunzi waliokimbia shule. Lakini katika jumbe tunazopokea, wanaosema walisahau ni wachache. Wengi walikuwa wanajificha.

Dawa zenyewe siyo kikwazo kikubwa kama zamani. Tanzania ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Tangu 2016, anayekutwa na VVU anaanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ya mwili ishuke. Leo watu wazima wengi wanatumia TLD, kidonge kimoja kwa siku, ukiwa umekula au hujala.

Kujificha ndiko kunakogharimu. Mtu anaiacha kliniki ya kijijini kwake kwa sababu muuguzi ni jirani, anakwenda wilaya nyingine. Nauli ikikosekana, tarehe inapita. Akishachelewa anaogopa kufokewa, basi anaahirisha tena, na wiki zinageuka miezi. Hapa tuseme wazi: mtoa huduma anayemfokea mgonjwa aliyerudi anamfukuza mara ya pili.

Fikiria pia mpasua mbao wa Njombe, mkoa wenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi nchini. Anakaa msituni wiki kadhaa, analala chumba kimoja na wenzake watano. Kidonge atakimezea wapi?

Wapo pia wanaoacha kwa sababu wamenenepa, wanalima, wanajiona wamepona. Dawa huzuia virusi visizaliane, lakini vingine hubaki vimejificha ndani ya chembe za mwili. Ukiacha, kwa kawaida huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache, hata kama wewe hujisikii vibaya. Na ukinywa leo ukaruka kesho, virusi vinaweza kuizoea dawa ikashindwa kuviua nguvu. Wengi tunakumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Wapo walioacha ARV baada ya kikombe kile.

Kwa tuliowasikia wakidumu na dawa, jambo moja linajirudia: nyumbani yupo angalau mtu mmoja anayejua. Awe mke, dada, au mtoto mkubwa. Anakumbusha, na siku ya mvua anakwenda kuchukua dawa.

Kumwambia mwenzi siyo jambo dogo, hasa kwa mwanamke anayeogopa kupigwa au kufukuzwa, na hatumshauri yeyote kukurupuka. Mshauri nasaha wa kliniki anaweza kuwaita wote wawili mkapima pamoja. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inamtaka mhudumu atunze siri yako, ingawa inaruhusu majibu ya kipimo kupewa mwenzi. Na kuna habari njema ya kwenda nayo kwenye mazungumzo hayo: mtu anayemeza dawa kila siku, kipimo cha wingi wa virusi kikawa hakivioni tena, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono.

Yule mama, kwa ridhaa yake, tumemuunganisha na mshauri. Mumewe bado hajaambiwa. Kuhusu kopo, tumemwomba asimimine tena dawa kwenye karatasi kwa sababu unyevu huziharibu. Zibaki kwenye kopo lake, limefungwa vizuri.

Ukisahau kidonge, kimeze mara unapokumbuka, ila usimeze viwili kwa pamoja. Hali yako ikiwa imara, ulizia dawa za miezi 3 au 6 ili upunguze safari. Ukienda shamba la mbali au msituni, beba kadi yako ya kliniki. Na kama uliacha, hata ni miaka, rudi. Kadi ikiwa imepotea nenda hivyo hivyo, ueleze kituo ulichokuwa unachukulia dawa.