Urea Ndani ya Mbolea ya Polepole: Vipimo Tofauti, Majibu Tofauti

Katibu wa chama cha msingi aweza kupokea hati mbili za maabara kuhusu mbolea ile ile, moja ikitaja asilimia 38 na nyingine asilimia 10. Mara huzuka maneno kwamba muuzaji amedanganya au maabara imekosea. Pengine hakuna aliyekosea: kila hati imejibu swali lake. Lakini chama kisichojua tofauti hiyo chaweza kukataa mbolea njema, au kulipia urea ya kawaida kwa bei ya mbolea ya polepole.

Urea ya kawaida ina asilimia 46 ya naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Huyeyuka upesi. Katika mashamba ya mpunga ya delta ya Rufiji, naitrojeni iliyomwagwa juu ya maji hupotea hewani au huchukuliwa na maji kabla mmea haujaitumia. Mafuriko ya 2024 yaliwakumbusha wakulima wa Rufiji na Kibiti nguvu ya maji hayo. Ndiyo sababu viwanda huifunga urea kwa fomaldehaidi, au huivika utando wa salfa au plastiki, ili itoke kidogo kidogo.

Kipimo cha kwanza ni cha Johan Kjeldahl wa Denmark, cha mwaka 1883. Mbolea huchemshwa katika asidi kali ya salfa hadi naitrojeni igeuke amonia, kisha amonia hupimwa. Kipimo hiki hueleza jumla ya naitrojeni, wala hakibagui iliyo huru na iliyofungwa.

Cha pili hutumia ureasi, kimeng'enya ambacho James Sumner wa Marekani alikitoa katika aina ya maharage mwaka 1926. Kazi yake ni kuvunja urea iliyo huru. Ni kipimo rahisi, ila shaba na metali nyingine nzito hukidhoofisha, na jibu likawa dogo kuliko haki.

Cha tatu ni kromatografia. Maji ya sampuli husukumwa kwa shinikizo kubwa katika bomba jembamba, na kila kitu hutoka kwa wakati wake. Urea huonekana peke yake, na viungo vyake vyenye fomaldehaidi peke yake. Mashine yake ni ya gharama, lakini huamua vizuri penye ubishi.

Tuseme Kjeldahl imeonyesha naitrojeni asilimia 38. Katibu akizidisha kwa 2.14, kama ifanywavyo kwa urea tupu, atapata urea asilimia 81, na atakosea. Ureasi ikionyesha urea huru asilimia 10, hiyo ina naitrojeni asilimia 4.7 tu. Iliyobaki, zaidi ya asilimia 33, haimo katika urea huru. Katika mbolea ya fomaldehaidi ndiyo sehemu iliyofungwa.

Mbolea yenye utando ina hadhari yake. Ikisagwa kabla ya kupimwa, utando hupasuka na urea yote huonekana huru. Kwa hiyo hapana budi hati ieleze kama punje zilisagwa. Nayo madonge ya urea yanayofukiwa kati ya mashina ya mpunga, kina cha sentimita 7 hadi 10, maabara itayaita urea ya kawaida, na ni kweli. Upole wake watokana na udongo, si na kemia.

Basi kabla ya kulipa, yawapasa makatibu kutimiza haya:

1. Sampuli itolewe katika mifuko kadhaa, ichanganywe, igawanywe mafungu matatu na kutiwa lakiri mbele ya muuzaji: la chama, la muuzaji na la maabara.

2. Maabara iombwe jumla ya naitrojeni na urea huru, kila moja kwa jina la kipimo chake.

3. Tofauti isiyoelezeka ipelekwe kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, iliyowekwa chini ya Sheria ya Mbolea ya 2009.

Hati isiyotaja kipimo isiwe msingi wa malipo wala wa lawama. Isomwe mbele ya wanachama, kwani fedha ni zao.