Adapta za diski ngumu Kasongo na Kabambare

Diski ngumu ya SATA, aina iliyoingia sokoni mwaka 2003, haichomeki kwenye kompyuta ya zamani ya IDE. Waya wa IDE una matundu 40 ya data, na plagi yake ya umeme ina pini 4. SATA ina njia 7 za data na 15 za umeme. Kati ya hizo mbili hukaa adapta ndogo yenye chipu ya kugeuza mawasiliano. Kwa maduka ya kuchapa na kutoa fotokopi ya Kasongo na Kabambare, adapta hiyo huiokoa mashine ya okazi ambayo diski yake imekufa.

Kifaa ni chepesi. Uzito wake uko njiani. Muuzaji mmoja wa Kasongo analalamika kwamba mzigo, uwe umetoka Kindu au Baraka kupitia Fizi na Kabambare, hudaiwa fedha kwenye kila barieri, na risiti haitolewi. Adapta ikifika dukani, asema, gharama za njia zimeshapita bei aliyonunulia, na mteja humwita yeye mlanguzi. Kinachomuuma zaidi ni adapta bovu: kwa macho hazitofautiani na nzima, hawezi kuzijaribu kabla ya kulipa, na hakuna wa kumrudishia. Faili za mteja zikipotea, hasara ni ya muuzaji.

Afisa mmoja wa mapato anashikilia kwamba kinachotozwa ni ushuru wa forodha na TVA ya asilimia 16 basi. Huenda sheria inasema hivyo, lakini TVA hailipwi kwenye kamba iliyokatiza barabara, na maelezo ya afisa huyo hayagusi fedha zinazobaki hapo.

Hata adapta nzima ina mipaka. BIOS ya zamani yenye anwani za biti 28 huishia GB 137, hata diski ikiwa ya GB 500. Windows XP nayo ilihitaji maboresho yake ya kwanza, Service Pack 1, ili kuvuka hapo. Kwa hiyo fundi makini hutafuta diski ya GB 80 au 120, kisha hupanga jampa ya adapta ili mashine iitambue kuwa diski kuu.

Soko hili huenda likapungua, kwa kuwa kompyuta za okazi zenye SATA tayari zimezoeleka. Adapta za USB, zinazotumika kuokoa faili kutoka diski za mashine zilizokufa, zinaweza kuziba sehemu ya pengo. Bei, barieri zikibaki zilivyo, haielekei kushuka.