KUIJUA ARDHI KABLA YA KUICHIMBA

Ndugu msomaji, ukienda gulioni kununua chungu unafanya nini? Unakiinua, unakigonga kwa kidole, unasikiliza. Kikilia vizuri ni kizima. Kikitoa sauti mbovu kina ufa, hata kama macho hayauoni. Umejua bila kukivunja.

Wataalamu wa miamba nao huigonga ardhi. Tumewasikia watu hapa Dutwa wakiuliza: hawa wanaopita mashambani na nyaya na vigingi vya chuma wanatafuta nini? Wanachukua mali yetu? Basi leo tuieleze kazi yao.

Dunia ina ganda la nje la mawe magumu. Huku kwetu Usukumani ganda hilo lina unene wa kilometa 40 hivi. Hakuna aliyechimba akafika huko. Shimo refu kuliko yote ambalo watu wamechimba kwa ajili ya kulichunguza ganda hilo liko Kola, nchini Urusi. Kazi ilianza mwaka 1970, na mwaka 1989 walikuwa wamefika kilometa 12 na kidogo. Ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, lakini kwenda chini!

Je, hizo kilometa 40 zimejulikanaje? Zimejulikana kwa matetemeko. Ardhi ikitetemeka, kama ilivyotokea Bukoba tarehe 10 Septemba 2016, mawimbi husambaa chini kwa chini. Katika ganda la dunia wimbi la kwanza huenda kilometa kama 6 kwa sekunde moja. Likiingia kwenye mwamba mzito ulio chini ya ganda, huenda kama kilometa 8. Ni sawa na mwenye baiskeli: kwenye mchanga anachelewa, kwenye lami anawahi. Ukijua alikotoka na saa aliyofika, unaweza kukisia njia aliyopita. Mwaka 1994 na 1995 wataalamu waliweka vyombo vya kunasa mitetemo sehemu nyingi za Tanzania, wakahesabu hivyo.

Njia nyingine ni ya sumaku. Kati ya mwaka 1976 na 1980 ndege ndogo zilipita juu ya nchi yetu, mstari kwa mstari kama mkulima anayepiga matuta, zikipima nguvu ya sumaku ya miamba. Mawe mengine yana sumaku nyingi, mengine kidogo. Chukua vilima vya Wamangola na Ngasamo, ambako kampuni ya African Eagle ya Uingereza ilichunguza nikeli. Nikeli ile imo katika udongo uliotokana na kuoza kwa mawe meusi mazito. Mawe ya namna hiyo kwa kawaida huwa na sumaku kuliko itale, yale majabali meupe-meupe tunayoanikia mpunga. Lakini sumaku haisemi "hapa pana nikeli". Inasema tu kwamba hapa mwamba ni tofauti. Kujua kilichomo, lazima watu wachoronge na kupima mawe yenyewe.

Sasa tuje kwenye maji, maana hili ndilo linalotuuma zaidi wakati wa kiangazi. Miamba ya huku ni mikongwe sana, ina miaka zaidi ya milioni 2,500. Itale nzima haina nafasi ya kukaa maji. Maji hukaa kwenye nyufa, na pale juu ambapo mwamba umeoza ukawa changarawe. Ndiyo maana kisima kimoja kinatoa maji, na kingine hatua 50 tu kutoka hapo ni kikavu. Na mchoronga visima analipwa, maji yatoke yasitoke.

Kwa hiyo mtaalamu hutumia umeme. Hupigilia vigingi vinne vya chuma katika mstari. Viwili vya nje vinapitisha umeme ardhini, viwili vya ndani vinapima. Mwamba mkavu unauzuia umeme, penye maji unapita kwa urahisi. Akitaka kujua kina zaidi, anavisogeza vigingi vya nje mbali zaidi. Ndiyo sababu nyaya zinavuka shamba hili na lile. Kwa kupima hivyo hakuna kinachochukuliwa. Ila watoto na ng'ombe wasisogee, kwa sababu umeme ule unaweza kuumiza. Na vigingi visiguswe, kwani kimoja kikihamishwa hesabu yote inaharibika.

Kipimo hiki nacho kinaweza kudanganya. Udongo wa mfinyanzi wa mbugani hupitisha umeme vizuri hata kama hautoi maji ya kutosha ndoo moja. Maji ya chumvi pia. Mtaalamu mzuri hapimi mahali pamoja akaondoka. Hupima sehemu kadhaa, huangalia miti na visima vya jirani, na huwauliza wazee ni wapi maji hukauka mwisho.

Kijiji kikiandaa kisima, kamati ya maji iwaombe RUWASA wa wilaya taarifa ya upimaji kabla ya mtambo kufika. Taarifa itaje mahali palipochaguliwa kwanza na pa akiba, kina kinachotazamiwa, na sababu za kuchagua pale. Isomwe kwenye mkutano wa kijiji, watu waulize, halafu nakala ibaki ofisini kwa mtendaji.