Madame de Graffigny na Riwaya Iliyokataa Harusi

Mwishoni mwa mwaka 1747 kilitokea mjini Paris kitabu kidogo kisichokuwa na jina la mtunzi, ambacho baada ya muda mfupi kilienea Ulaya, kikafasiriwa kwa Kiingereza, na kikazua ubishi mkubwa baina ya wasomaji juu ya jambo moja: kwa nini binti wa Kiperu, asiye na mume wala ndugu katika nchi ya ugeni, alikataa kuolewa na muungwana aliyempenda kwa dhati na kumtendea kila wema. Kitabu hicho ni *Lettres d'une Péruvienne*, yaani Barua za Mwanamke wa Peru, na mtunzi wake alikuwa Françoise de Graffigny, mjane wa miaka 52 ambaye mali yake haikutosha hata kulipa madeni yake.

Alizaliwa Nancy, katika dola ndogo ya Lorraine, mwezi wa Februari 1695. Mama yake alitoka katika ukoo wa Jacques Callot, fundi mashuhuri wa kuchora nakshi juu ya shaba, na yasimuliwa kwamba mama huyo, alipochoka kuyaona mabamba ya mzee wake yakijaza nyumba, alimwita mfua shaba akayageuza kuwa sufuria na vyombo vya jikoni. Kabla hajatimiza miaka 17 binti aliozwa François Huguet de Graffigny, mtu wa hasira na mfujaji wa mali, aliyempiga hata akahofia maisha yake. Akamzalia watoto 3, nao wote wakafa wachanga. Mwaka 1723 sheria iliwafarikisha, na miaka 2 baadaye mume akafariki, akimwachia jina lake na madeni.

Akaishi kwa fadhila za jamaa ya watawala wa Lorraine, mpaka mambo ya dola yalipompokonya hata sitara hiyo. Kwani mwaka 1737 nchi ilikabidhiwa Stanislas, aliyekuwa mfalme wa Poland, na mtawala kijana, Francis, aliyekwisha kumwoa Maria Theresa wa Austria, akaondoka na watu wake. Rafiki zake wakatawanyika, naye akawa mgeni wa kuhama nyumba hii hata nyumba ile.

Mwezi wa Desemba 1738 alifika Cirey, katika kasri alimokaa mwanafalsafa Voltaire pamoja na Madame du Châtelet, mwanamke mwanazuoni wa hisabati na fizikia. Kila alilolishuhudia humo alimwandikia rafiki yake wa Lorraine, François-Antoine Devaux, ambaye alimwita Panpan. Nasi twajua kwa kalamu yake jinsi vyumba vya wenyeji vilivyopambwa, jinsi Voltaire alivyowaonyesha wageni picha za taa ukutani huku akiwachekesha kwa maneno yake, na jinsi chumba alichopewa yeye mgeni kilivyokuwa kikubwa na cha giza, upepo wa baridi ukipenya katika kila ufa. Sijasoma maelezo ya nyumba ya Voltaire yaliyo hai kuliko hayo, maana aliyeyaandika hakuwa na nia ya kuyatoa chapa, bali alitaka tu rafiki yake aone alichokiona yeye.

Barua hizo hizo ndizo zilizomponza. Voltaire alikuwa na utenzi wa siri juu ya Jeanne d'Arc, ambao lau ungalitoka nje ungalimtia katika hatari ya serikali. Na Madame du Châtelet, ambaye alikuwa akizifungua barua za wageni wake, akaona katika jawabu la Panpan neno la kuusifu utenzi huo. Akadhani mgeni ameunakili na kuupeleka nje. Usiku ule akamwingilia chumbani kwa ghadhabu na kumtusi mbele ya Voltaire, ilhali mwanamke yule hakuwa amenakili chochote, bali alikuwa amesimulia tu aliyosomewa. Udhuru wake ulikubaliwa baadaye, lakini heshima haikurudi; akabaki humo kama mfungwa, bila fedha za safari, mpaka Februari 1739 alipopata njia ya kwenda Paris.

Miaka ya Paris ilikuwa ya dhiki na ya kujifunza. Alisuhubiana na maadibu, akatoa hadithi fupi mwaka 1745, kisha akaitunga riwaya yake. Zilia, binti wa Peru aliyewekwa wakfu katika hekalu la Jua, anatekwa na Waspania siku ile ile ambayo angaliolewa na Aza, mrithi wa ufalme. Merikebu ya Wafaransa inawashinda Waspania, naye anaangukia mikononi mwa nahodha Déterville. Barua zake za kwanza kwa Aza hazikuandikwa kwa wino, bali zimefungwa kwa mafundo ya nyuzi za rangi, kama ilivyokuwa desturi ya nchi yake katika kuhifadhi habari. Na nyuzi zinapomwishia, inampasa kunyamaza mpaka ajifunze kuandika Kifaransa. Kutoka hapo macho ya mgeni yanaipima Ufaransa: watu wanaojinyima chakula ili wavae vizuri, wasichana wanaofundishwa adabu za nje na kunyimwa elimu, na wake wasio na haki mbele ya sheria hata wadhulumiwe vipi. Barua iliyo kali kuliko zote juu ya malezi ya wanawake mtunzi aliiongeza katika chapa ya mwaka 1752, na msomaji aliyekwisha kujua habari za ndoa yake hatauliza maneno yale yametoka wapi.

Wahakiki wamelitaja kosa la tarehe, nalo ni kosa kweli: Waspania waliiteka Peru katika karne ya 16, na Paris anayoiona Zilia ni ya karne ya 18. Kwangu halipunguzi kitu, kwa sababu shabaha ya kitabu ilikuwa Ufaransa ya siku zile. Aza anapofika hatimaye, amekwisha kubadili dini na kumpenda mwanamke wa Kispania. Wasomaji wakatazamia kwamba sasa Zilia atamkubali Déterville. Naye anamkatalia kwa upole, anampa urafiki, na anabaki peke yake katika nyumba iliyonunuliwa kwa dhahabu ya hekalu lake mwenyewe, yenye maktaba, na chumba kilichopambwa kwa picha za mabikira wa Jua. Watu waliudhika. Turgot, aliyekuja kuwa waziri wa fedha, alimshauri kwa barua amwoze Zilia. Wengine wakatunga mwisho wa namna yao. Mtunzi hakuubadili mwisho huo, na uthabiti wake ndio fahari ya kitabu.

Katika tamthilia alipata neema na msiba. *Cénie*, mchezo wa machozi juu ya msichana anayegundua kwamba mama yake mzazi ni mlezi wake, ulichezwa Comédie-Française mwezi wa Juni 1750 na kushangiliwa sana. *La Fille d'Aristide*, wa mwaka 1758, ulianguka na kuondolewa upesi. Na mwezi wa Desemba mwaka huo huo mtunzi akafariki.

Barua zake, zaidi ya 2,000, zilianza kutolewa chapa kamili mwaka 1985 kwa juhudi ya wataalamu wa Toronto na Oxford, zikawa mijaladi 15, nami nazihesabu kuwa kazi yake iliyo kubwa kuliko zote. Ila riwaya ni fupi, na Kifaransa chake ni chepesi. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaojua vizuri Kifaransa na Kiswahili wana uwezo wa kutufasiria kitabu hiki vizuri kuliko mtu mwingine yeyote, nami nawaomba waifanye kazi hiyo, na wanapoifanya, wasimwoze Zilia.