Mtihani wa Vitendo Hauandaliwi kwa Chaki Peke Yake

Kamati za vituo vya ufundi zinapokaa kupitia bajeti, kifungu kinachopunguzwa mapema ni cha vifaa vya mazoezi: mbao, vitambaa, saruji, vijiti vya kuchomelea. Jengo huonekana na huzinduliwa kwa ibada; ubao uliokatwa vibaya na mwanafunzi huonekana ni hasara. Katika toleo hili tunaeleza kwa nini kifungu hicho ndicho kinachobeba mtihani wenyewe.

Kinachopimwa ni nini?

Tangu kuanzishwa kwa VETA kwa sheria ya mwaka 1994, mafunzo ya ufundi stadi nchini yameelekea kwenye mfumo wa umahiri. Maana yake, mwanafunzi hapimwi kwa nadharia tu, bali kwa kazi anayoweza kuifanya kwa kiwango kinachokubalika.

Tuchukue mfano wa useremala. Mtahiniwa anapewa mchoro wa stuli, mbao, zana na muda. Mpimaji haangalii stuli iliyokamilika peke yake. Anaangalia kama vipimo vimesomwa sawasawa, kama patasi imeshikwa kwa usalama, na kama ulimi umeingia kwenye tundu lake bila kuzibwa kwa gundi na vumbi la mbao. Vanishi inaweza kumdanganya mnunuzi, lakini mpimaji ataikalia stuli.

Mradi unaongeza nini?

Mtihani wa saa chache haupimi kila kitu. Katika mradi wa wiki kadhaa, wanafunzi hupokea oda, hukadiria gharama, hununua vifaa, hugawana kazi na kutunza hesabu hadi mteja anapopokea mzigo. Hapa ndipo mafunzo yanapokutana na maisha, kwani mafundi wengi hodari huangushwa na bei waliyoipanga vibaya au ahadi ya tarehe waliyoshindwa kuitimiza.

Mwanafunzi aliyeshika randa mara tatu kwa mwaka mzima atashindwa mtihani wa namna hii. Akipita kwa bahati, atashindwa mbele ya mwajiri wa kwanza, na ada iliyolipwa na mzazi au mfadhili itakuwa imepotea.

Jambo hili sasa linagusa pia shule za sekondari. Mkondo wa amali ulianza kwa kidato cha kwanza Januari 2024, na hauwezi kufundishwa bila karakana na vifaa.

Sharika zifanye nini?

1. Kifungu cha vifaa vya mazoezi kitengwe peke yake, kisihamishiwe kwenye ujenzi.

2. Usharika unapohitaji mabenchi, madirisha au sare za kwaya, oda ipelekwe kwanza kwenye kituo cha ufundi, na ilipwe. Kazi ya bure haifundishi kukadiria bei.

3. Washarika wenye karakana wapokee wanafunzi wa mafunzo kazini.

4. Mafundi waliojifunzia mitaani wafahamishwe kuhusu urasimishaji wa ujuzi. Kupitia VETA, fundi hupimwa kwa kazi anayoijua tayari, na akifikia kiwango hupata cheti bila kuanza darasani upya.

Kwa wafadhili wetu, tunashukuru kwa majengo mliyotusaidia kuyasimamisha. Ombi letu sasa ni dogo, nalo halina jiwe la msingi: mbao za kukosea, ili kijana ajifunze kabla mteja hajamlipa.