Chama Chenu Kinataka Ruzuku ya Kupanda Miti? Anzeni na Hesabu ya Maji

Zamani, kwa Kijaluo, sarafu ya senti kumi iliitwa otonglo. Kwa hivyo ukishuka stejini Otonglo, kwenye barabara ya Kisumu–Busia, umeshuka mahali panapotumia jina moja na pesa ndogo. Leo tunaongea kuhusu pesa ndogo kama hizo, na kivuli.

Jua la saa saba pale barabarani halina mchezo, na chama kikitaka kupanda miti, kila mtu hukubali haraka. Shida huja baadaye. Novemba 13, 2023 nchi nzima ilipewa likizo ya kupanda miti. Kupanda ni kazi ya siku moja, lakini kiangazi cha Januari na Februari hakina likizo, na mbuzi pia hawana.

Tupige hesabu

Tuseme mko watu 12 na mnataka miti 40. Weka bei za kwenu, hizi zetu ni za mfano tu:

- Miche 40 kwa sh. 50: sh. 2,000
- Uzio wa kuzuia mbuzi, sh. 150 kila mti: sh. 6,000
- Maji lita 10 kwa kila mti, mara mbili kwa wiki. Hiyo ni mitungi 40 ya lita 20. Kwa sh. 10 kila mtungi, kwa wiki 8: sh. 3,200

Jumla ni sh. 11,200, na miche yenyewe haifiki hata robo. Ombi linalotaja miche peke yake linamwambia mfadhili kwamba hamjafikiria siku ya pili. Wangari Maathai alilijua hili tangu alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977: akina mama walilipwa kidogo kwa kila mche ulioshika, si kwa kila mche uliopandwa.

Kabla ya kuomba

1. Sajilini kundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi.
2. Ombeni ruhusa ya mahali. Kando ya barabara kuu, mwenye ardhi ni KeNHA. Barabara za mtaani, ulizeni kaunti. Epukeni chini ya nyaya za umeme.
3. Ulizeni ofisi ya wadi kuhusu miradi ya tabianchi inayopitia kamati za wadi chini ya FLLoCA. Kwa vikundi vilivyokomaa, kuna pia mpango wa ruzuku ndogo wa GEF unaosimamiwa na UNDP.

Simu yenu ndiyo ushahidi

Anzeni kuchanga sasa, hata sh. 50 kwa wiki. Watu 12 kwa wiki 8 ni sh. 4,800, zaidi ya gharama yote ya maji. Pesa ziingie kwa akaunti ya kundi, si laini ya mhazini. Muuza maji alipwe kwa simu pia. Ukiomba taarifa ya miamala, kila shilingi itaonekana na tarehe yake, na hakuna atakayeuliza "pesa zetu zilienda wapi?" Mfadhili akiona mmetunza elfu nne vizuri, ni rahisi kuwaamini na laki nne.

Angalieni matapeli

Mtu akipiga simu kusema ruzuku yenu imepita, tumeni kwanza "ada ya kufungua faili", kateni simu. Ruzuku ya kweli huja kwenu, haiwaombi mtangulize pesa. Mwende ofisini wenyewe mkaulize. Na PIN haipewi mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

Mvua za masika huanza Machi. Mkianza kuchanga wiki hii, mtakuwa na hesabu ya kuonyesha kabla hamjachimba shimo la kwanza.