Jaribu taa za tela kabla ya kupakia pamba

Mwezi wa sita na wa saba pamba hutoka mashambani kwa wingi katika mikoa ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza. Trekta huvuta tela kutoka shambani mpaka ghala la chama cha ushirika. Foleni ya mizani huwa ndefu. Wengi hurudi nyumbani jua limekwisha kuzama. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Ndugu mkulima, trekta lako lina taa zake za nyuma. Lakini ukilifunga tela na kulijaza pamba, taa hizo hazionekani tena. Dereva wa basi anayekuja nyuma yako haoni trekta. Mbele yake kuna tela tu. Kama taa za tela zimekufa, haoni kitu.

Tufanye hesabu kidogo. Basi linakwenda kilomita 80 kwa saa. Trekta lenye mzigo linakwenda kilomita 20. Basi linakukaribia kwa kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akikuona mara ya kwanza ukiwa mita 50 mbele yake, ana sekunde tatu tu. Katika sekunde hizo tatu inampasa ashtuke, akanyage breki na apunguze mwendo wa basi lenye abiria. Lakini taa ndogo nyekundu ya wati 5, ikiwa safi, huonekana kutoka mbali zaidi sana.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo kinachotembea usiku kiwe na taa. Askari akikukamata utalipa faini. Faini ni jambo dogo. Watu waliolala ndani ya basi ni jambo kubwa.

KAZI YA WATU WAWILI

Jaribu taa asubuhi, tela likiwa tupu. Likisha kujaa pamba hutaweza kufika kwenye waya. Mtu mmoja akae kwenye usukani. Mwingine, utingo au mtoto mkubwa wa nyumbani, asimame nyuma ya tela na aseme kwa sauti anachokiona. Dereva asijaribu peke yake kwa kuruka chini na kupanda. Taa ya breki huwaka wakati mguu uko kwenye pedali, na mguu hauwezi kuwa mahali pawili.

Fungua swichi. Washa kwanza taa ndogo za nyuma. Zote mbili ziwake, kushoto na kulia. Kanyaga breki. Taa ziongeze mwanga sana. Kisha washa indiketa ya kushoto, halafu ya kulia. Indiketa ikipiga haraka kuliko kawaida, au ikawaka bila kupepesa, mara nyingi balbu moja imekufa.

Tazama vizuri upande. Nimekuta matela ambayo indiketa ya kulia ya trekta inawasha ya kushoto ya tela. Kwangu mimi hili ni baya kuliko kukosa indiketa kabisa. Unataka kukata kulia kuingia njia ya kijijini. Lori lililo nyuma linaona unakwenda kushoto, nalo linatoka kulia ili likupite. Mnakutana hapo hapo.

SOKETI NA PLAGI

Umeme wa tela hupita mahali pamoja tu: plagi ya tela inapoingia kwenye soketi ya trekta. Plagi ya kawaida ina pini saba. Ndani yake, karibu na kila pini, kuna namba ndogo. Kwa mpango wa kawaida, namba 1 ni waya wa njano, indiketa ya kushoto. Namba 4 ni kijani, indiketa ya kulia. Namba 5 ni kahawia, taa ndogo ya kulia, na namba 7 ni nyeusi, taa ndogo ya kushoto. Namba 6 ni nyekundu, taa za breki. Namba 2 ni bluu, na kwenye matela yetu mengi haina kazi. Namba 3 ni nyeupe. Huo mweupe tutauzungumza peke yake.

Usiamini rangi tu. Mafundi wengi wa barabarani huunga waya wowote walio nao. Kinachosema kweli ni taa ya kupimia, na unaweza kuitengeneza mwenyewe. Chukua balbu ya volti 12 yenye wati 5. Iunge nyaya mbili. Waya mmoja ushike chuma cha trekta kisicho na rangi. Wa pili gusa nao tundu la soketi. Washa indiketa ya kushoto, gusa tundu namba 1. Balbu ikipepesa, trekta ni zima na ugonjwa uko kwenye tela. Isipowaka, ugonjwa uko kwenye trekta. Angalia usiguse matundu mawili kwa pamoja, utaunguza fyuzi.

Balbu za malori mengi ni za volti 24. Ukizifunga kwenye tela la trekta zitawaka hafifu kama kaa linalokufa. Soma namba kwenye kitako cha balbu kabla ya kulipa.

Matope na vumbi huingia kwenye plagi ikiachwa kuning'inia chini. Pini zikiota kutu ya kijani, zisugue kwa msasa laini. Pini nyingi zimepasuliwa katikati. Ukizipanua kidogo sana kwa ncha ya kisu, zitashika vizuri.

WAYA MWEUPE

Umeme huenda kwenye taa na lazima urudi kwenye betri. Waya mweupe, namba 3, ndiyo njia yake ya kurudi. Nyaya nyingine huhudumia taa moja moja, lakini mweupe huhudumia zote. Ukikatika, utaona vituko. Unakanyaga breki, indiketa zinawaka hafifu. Unawasha indiketa, taa ndogo nazo zinapepesa.

Kuna ugonjwa mwingine unaojificha. Waya mweupe umekatika, lakini taa zinawaka nyumbani, kwa sababu umeme unarudi kupitia chuma cha pini ya kuvutia tela. Ukianza safari, pini inarukaruka, grisi inaingia katikati, taa zinazimika. Dereva hajui, kwa maana anatazama mbele.

Kwa hiyo jaribu taa kabla ya kufunga tela. Weka mawe kwenye magurudumu ya tela. Chuma cha tela kisiguse chuma cha trekta. Chomeka plagi peke yake, kisha washa. Taa zikiwaka vizuri hivyo, waya mweupe ni mzima. Sasa funga tela, washa tena, na utikise waya kwa mkono.

Mwaka juzi mkulima mmoja katika kata yangu alifungua taa za tela, akalipaka tela rangi mpya, akazirudisha taa. Tela likapendeza, taa hazikuwaka. Alinunua balbu mpya, wala hazikusaidia. Rangi ilikuwa imekaa kati ya taa na chuma, njia ya kurudi imezibwa. Tulilegeza bolti, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, taa zikawaka. Balbu zake za zamani zilikuwa nzima.

FYUZI NA MOTO

Fyuzi ikiungua, tafuta waya uliochubuka. Usiweke msumari wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Waya utapata moto badala ya fyuzi, na juu yake umebeba pamba. Sote tunajua pamba inavyoshika moto. Funga waya chini ya tela kwa vibanio, mbali na gurudumu na ncha kali za bati. Panya pia hula nyaya tela likilazwa msimu mzima.

WENYE PAWATILA

Pawatila nyingi zina taa ya mbele tu, na tela lake halina waya hata mmoja. Bandika rifleta nyekundu mbili nyuma ya tela, moja kila upande, na uzifute vumbi kila safari. Lakini rifleta haiwaki yenyewe. Hung'aa ikimulikwa tu. Mwenye baiskeli isiyo na taa hataiona. Kwa hiyo mwenye pawatila apange kurudi mapema, na foleni ikichelewa, alale ghalani na mzigo wake.

Wenye trekta nao, taa zikizimika njiani usiku, watoke nje ya barabara kabisa na kusubiri kuche. Kumkalisha kijana juu ya pamba na tochi si taa.